Dole Gumba Litazame Juu

Kwanza kamata kifundo, usikamate mkono.
Mkono ni mrefu, una hila, utakuponyoka;
kifundo ni shingo ya kuku.
Ndivyo alivyotufundisha Mhina Shekiondo
ghalani nyuma ya Barabara ya Kumi na Nne,
juu ya magunia ya katani yaliyoshindiliwa makumbi,
yaliyotuwasha migongo hadi Ijumaa.

Majina ya vitabuni hakuyajua. Alikuwa fundi milango,
kwa hiyo tulikuwa na Komeo, tulikuwa na Kitasa
(mkono nyuma, kama mtu ajikunaye asipofika),
na tulikuwa na Bawaba, ambayo ndiyo hii:
kiwiko chake juu ya kinena chako, magoti yabane,
dole gumba lake litazame juu, kwenye mabati,
kisha inua kiuno. Taratibu.
Kama unayejinyoosha ukitoka usingizini.
"Mlango," alisema, "una upande mmoja wa kufungukia.
Ukiulazimisha upande wa pili
hauwi mlango tena, unakuwa kuni."

Mwaka wa foleni za sukari tulikutana fainali,
mimi na yeye, ukumbi wa shule, Makorora.
Zawadi ilikuwa redio ya betri sita.
Akanitia Bawaba dakika ya pili.
Nilijua la kufanya. Mtoto wa chekechea angejua:
kiganja kipige mkeka, mara mbili, yaishe.
Lakini Mwamvita alikuwa safu ya mbele,
baibui jipya, anakula karanga,
na mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja.
Nikauma meno. Nikahesabu misumari ya paa.
Kiwiko kikaanza kusema kwa sauti yake,
ile ya muwa kabla haujakatika.

Akaachia.

Refa hakuona kilichosalimika, aliona mshiko uliolegea.
Nikamgeuza, mabega yote mawili chini,
moja, mbili, tatu.
Redio nikaibeba hadi nyumbani kwa mkono huu huu.
Mwamvita akaolewa Muheza.
Redio ikafa, chumvi ya hewa ikala nyaya.
Na miaka arobaini ya shikamoo, marahaba,
mbao zimepanda bei, mvua imekosea njia,
hatukulizungumza.

Sasa kiharusi kimemlaza upande wa kushoto.
Mkono umejikunja kifuani
kama wa mtu anayeficha noti.
Muuguzi wa Bombo alikuja mara moja, akaonyesha:
kunja, nyoosha, kunja, mara thelathini,
viungo vikilala vinashika kutu.
Aumie kidogo, alisema.
Kidogo kiasi gani, hakusema.
Mwantumu, bintiye, hawezi. Anageuza uso,
anakwenda uani kutwanga viungo vingine,
iliki, bizari nyembamba, na kinu kinatufikia
kabla ya harufu.

Basi naja mimi, baada ya alasiri.
Naketi kitandani. Nakamata kifundo, si mkono.
Kiwiko chake nakiweka juu ya paja langu.
Dole gumba limejificha ndani ya ngumi;
nalitafuta, nalitoa, naligeuza.
"Bawaba," namwambia,
na nusu ya mdomo inacheka.

Navuta.
Mkono wa kulia ni mzima, uko huru, uko juu ya godoro.
Tumekubaliana: akipiga mara mbili, naacha.
Navuta. Jasho linamjaa juu ya nyusi,
jicho moja liko darini, linahesabu kitu,
na mkono wa kulia hauendi popote.

Piga godoro, mzee. Hayupo anayekutazama,
hakuna redio hapa.
Hapigi.

Kinu kimenyamaza uani.
Nainamisha kichwa, nasikiliza kiwiko.